Papa Théogène na Macho ya Mama Colette

Desemba hii ya 1958 itakapokwisha, Papa Théogène Mbonigaba atakuwa ameiweka chini kazi ya uuguzi aliyoianza mwaka 1931. Wengi wetu hapa dispansari ya Walikale tulipoajiriwa tulimkuta tayari ana mvi, tukadhani alizaliwa nazo.

Kwao ni vilima vya Masisi, ambako asubuhi ukungu hujaa mabondeni kama maziwa na vilele huelea juu yake. Kazi alijifunzia katika hospitali moja upande wa Kirotshe, kando ya ziwa. Huko alijulikana kwa kutokuwa na haraka. Mgonjwa akitaka kueleza homa yake kwa kuanzia na ndoto aliyoota mwaka jana, Papa Théogène alivuta kiti, akasikiliza ndoto yote.

Mwaka 1949 Benoît, mwindaji wa msituni Walikale, alimpeleka huko mkewe Colette. Tangu usichana mama huyo aliteswa na maumivu ya tumbo yaliyopenya hadi mgongoni. Daktari Michel, mkuu wa hospitali, aligundua kwamba kongosho lake, kiungo kinachojificha nyuma ya tumbo, lilikuwa limeharibika, na uharibifu huo ndio uliomzalia kisukari. Akaanzishiwa sindano za insulini, akanenepa kidogo, akacheka.

Kisha akaanza kuona masizi. Alimweleza Papa Théogène kwamba vipande vyeusi vinashuka polepole mbele yake, kama majivu ya shamba lililochomwa mbali, na akivifuata kwa jicho vinakimbia. Daktari Michel alikuwa amefundishwa kwamba kisukari kinachozaliwa na ugonjwa mwingine hakigusi macho. Hata hivyo alichukua taa yake ndogo, akachungulia ndani ya jicho. Akamwita Papa Théogène naye atazame. Nyuma kabisa ya jicho kulikuwa na madoa mekundu, kama punje za ulezi zilizomwagika. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha haribika. La kushoto lilikuwa njiani, na dawa ya kulirudisha haikuwapo. Insulini ingeweza, labda, kulichelewesha.

Papa Théogène ndiye aliyetumwa kumwambia. Mama Colette hakulia. Aliuliza kama sindano hiyo inapatikana kwao, akajibiwa kwamba haipatikani, akiondoka ataiacha. Akafikiri, kisha akasema, «Papa, kama macho iko nazimika, izimikie kwetu.»

Maneno hayo yalimfuata Papa Théogène hadi nyumbani. Alimweleza mkewe, Mukandori, kwamba anataka kuomba ahamishiwe dispansari ya Walikale, ili sindano imfuate mgonjwa. Asubuhi Mukandori alionekana akifunga vyungu ndani ya mikeka.

Hivyo ndivyo mtu wa vilima alivyoingia msituni. Mwanzoni alilalamika kwamba hakuna mahali pa kutupia macho: mbele mti, nyuma mti. Milango yetu mifupi ilimgonga kipaji cha uso mpaka akajifunza kuinama kama anayesalimia. Insulini aliihifadhi katika chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi kivulini. Mvua ilipokata barabara ya Bukavu, Benoît alikwenda kwa miguu kukutana na lori kwenye matope, akarudi na dawa kifuani kama anayebeba yai. Papa Théogène alichemsha mikojo ya watu katika dawa ya buluu, akangoja kuona kama itageuka rangi ya tofali, ishara ya sukari, hata watoto wakamwita Papa Chupa. Naye aliitika.

Kila mwenye kisukari, hata kama kilitokana na kongosho bovu, alitazamwa macho. Ndiyo desturi yetu mpaka leo, na tumeirithi kwake.

Jicho la kushoto la Mama Colette lilidumu miaka saba. Kwa jicho hilo aliona mto Lowa ukifuka moshi alfajiri, akaona binti yake Joséphine-Marie akirefuka na kuvaa gauni jeupe la komunyo. Mwaka 1956 mwanga ukamwisha, taratibu, kama jioni ya msituni. Papa Théogène alikwenda kwake akiwa mzito moyoni, maana alijiona ameshindwa. Sisi tuliofuatana naye tulimsikia mama akimwambia, «Usihuzunike, Papa. Njia yote ya kwetu iko mu kichwa yangu. Nilipata muda ya kuitazama.»

Tangu siku hiyo huja mwenyewe kwa sindano yake, mkono begani kwa bintiye, akitutajia miti tunayopita bila kuiona.

Papa Théogène, umetufundisha kukaa na mgonjwa hata pale dawa inapoishia. Asante, nawe Mama Mukandori asante. Rudini salama Masisi. Vilima viwape nafasi ya kutazama mbali, usingizi uwe mtamu, na miaka iliyobaki iwapitie polepole.