Amina ya Dakika Moja

Hebu funga macho kidogo, upige picha hii kichwani. Benchi la mbao, mguu mmoja umetiwa tofali ili lisiyumbe. Upande huu kibanda cha fundi viatu, harufu ya gundi imejaa tele. Upande ule kinyozi. Katikati kuna chupa ya kahawa. Ni Alhamisi asubuhi. Fundi ana kiatu magotini na sindano mkononi, lakini hashoni. Anaitazama simu yake. Hapo kijiweni wanamwita Mchungaji, ingawa hajawahi kupanda mimbari. Jina hilo kalipata kwa sababu kila asubuhi dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu aishiye ng'ambo ya mji, humtumia ujumbe wa sauti: anasoma somo la siku, kisha anaomba kutokana na lile somo. Fundi naye huwasambazia watu arobaini na mmoja. Tangu Jumanne, ujumbe haujaja.

— Bando limemwishia, alisema Posta, mzee aliyewahi kugawa barua, ambaye chupa ya kahawa ilikuwa yake. Mstaafu na bando ni paka na panya.

— Siku tatu? Kinyozi alikuwa anafuta mashine yake kwa kitambaa. Mwalimu yule haachi somo kwa ajili ya bando. Mimi nasema kahama kanisa. Kaenda kule kwenye spika kubwa, wanakosali mpaka vioo vya jirani vinatikisika.

— Dada yangu hapendi kelele, fundi alisema.

— Basi kaimaliza Biblia, Posta akasema. Hesabu mwenyewe. Miaka mitatu, kila siku kipande. Kafika Ufunuo, kaona mwisho, kafunga kitabu. Ungekuwa wewe ungerudia?

— Biblia haiishi hivyo, mzee. Ikiisha unaanza.

— Barua zilikuwa zinaisha.

Walicheka, fundi akacheka nusu. Kinyozi akasogea karibu, akashusha sauti kana kwamba ukuta una masikio.

— Nisikilizeni. Sauti ya mama yule ni tamu. Watu wa mitandao wameivuna. Wanaichukua kule kule hewani kabla haijatufikia, wanawauzia wahubiri wasio na sauti. Jumapili utaona jitu lina ndevu linaomba kwa sauti ya dada wa Mchungaji.

— Wewe kinyozi, nywele za watu zimekuingia kichwani.

— Au, Posta akasema huku akijimiminia kahawa, malaika anayepokea maombi kagoma. Kachoka na amina zenu. Huyu kinyozi anajibu hata ujumbe haujafunguka.

— Ni kweli, kinyozi alikiri bila haya. Kile kiduara kikianza tu kuzunguka, mimi nimeshatuma amina na mikono miwili. Nina wateja. Lakini mzee, wewe je?

— Mimi masikio yangu unayajua.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja, ukanda wa ndara yake umekatika, ameishika mkononi. Alikuwa mgeni pale. Alisubiri waishe kucheka, akampa fundi ndara, akakaa pembeni ya benchi.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Huo ujumbe wa mwisho, huyo dada aliombea nini?

Fundi alimwangalia kinyozi. Kinyozi alimwangalia Posta. Posta alitazama ndani ya kikombe chake.

— Mchungaji ndiye mwenye dada, kinyozi alisema hatimaye.

Mwaka wa kwanza fundi alikuwa anasikiliza kila neno, kikombe mkononi, kabla ya kufungua kibanda. Mwaka wa pili alikuwa anasikiliza mwanzo. Halafu ikawa ni kusambaza tu, watu wakimsifu njiani kwa kuwa mtu wa maombi, naye akiitikia.

Alifungua simu. Ujumbe wa mwisho, wa Jumatatu, uliingia saa kumi na mbili na dakika mbili. Amina yake iliondoka saa kumi na mbili na dakika tatu. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa dakika sita.

Aliubonyeza. Dada alisoma polepole, akikwamakwama kama mtoto anayejifunza herufi: habari za yule mgonjwa wa miaka thelathini na minane aliyelala kando ya birika, na kila maji yakitibuka wengine wanamtangulia, kwa kuwa hana wa kumshika. Kisha akaomba.

"Baba, wiki hii mgonjwa wa kando ya birika ni mimi. Jicho la kushoto lilishakwenda, la kulia linafuata. Jumatano saa mbili nitakuwa mapokezi ya hospitali kubwa, nipasuliwe. Wamesema nisije peke yangu, maana nitatoka nimefungwa jicho. Mdogo wangu ananisikiliza kila asubuhi. Mpe nafasi aje anishike mkono. Kumwambia mwenyewe naona haya, ana kazi nyingi, ndiyo maana napitia kwako. Amina."

Jumatano ilikuwa jana.

Fundi alipiga simu, mikono yake ikinuka gundi.

— Dada. Shikamoo.

— Marahaba, mdogo wangu. Hujambo? Watoto?

— Dada, jana ilikuwaje?

— Ah, jana. Walinirudisha nyumbani. Mtu hapasuliwi bila wa kumsindikiza, ndiyo sheria yao. Wamenipa miezi mitatu. Usijali. Samahani na masomo, herufi sizioni tena tangu Jumanne.

— Ungenipigia, dada.

— Nilidhani unakuja. Si uliitikia amina? Nikasema labda foleni. Nikakungoja.

Fundi alimuaga dada. Aliweka ndara chini, akavua aproni, akamwomba yule mama amwie radhi kwa leo. Posta alisema yeye ataangalia kibanda. Hakuna aliyemwita Mchungaji alipokuwa akiondoka.

Nawe uliyefumba macho, sasa yafumbue. Sikuombi mengi. Kumbuka tu yule dada, kwenye kiti cha mapokezi tangu saa mbili hadi saa nane, akigeuza uso kila mlango ulipolia, akimngojea mtu aliyekwisha kusema amina.