Dari ya Jipsam na Maziwa ya Mapacha

Bwana asifiwe! Asifiwe hapa Lodwar, asifiwe Kakuma, asifiwe mpaka Kainuk kwenye vizuizi vya barabara! Ndugu zangu, mnaweza kuamini kwamba kuna nyumba Kakuma ambayo ndani yake maji huganda kwa sababu ya dari? Mimi niliamini! Mimi Ekal, fundi wa kuziba pancha, niliyesoma gumbaru, shule ya watu wazima, usiku baada ya kazi mpaka nikapata cheti, niliamini neno kwa neno.

Dereva mmoja wa lori ndiye aliyetuambia pale kibandani kwangu. Alisema Abdi, mfanyabiashara Msomali wa Kakuma, ameweka dari ya jipsam, zile mbao nyeupe zinazopigiliwa chini ya mabati. Tangu siku hiyo nyumba ina baridi mpaka watoto wake wanavaa sweta saa sita mchana, na barafu inatolewa mlangoni kwa mabeseni. Kakuma! Mahali ambapo kuku hutaga yai likiwa limeshachemka! Na joto la Lodwar mnalijua. Mimi kwa macho yangu nimeona jiwe likihamia kivulini.

Basi nikaitaka dari ile kama mgonjwa anavyotaka uji.

Tena nyumba ilikuwa imeshanikamata zamani. Nilianza na rangi. Kutoka rangi nikaingia kwenye vigae vya sebuleni, na vigae vile vilimaliza madume yangu ya mbuzi kuliko fisi. Vilipokwisha kuwekwa nikakataza viatu. Halafu nikakataza miguu yenye vumbi. Ndugu zangu, Lodwar hii, nani ana mguu usio na vumbi? Tukawa tunakaa nje, mimi na mke wangu Nakiru na watoto, tunachungulia sebule yetu dirishani kama watalii wa Eliye Springs. Mzee wa kanisa alikuja kuniombea, akateleza mlangoni, akafika jikoni bila kukusudia!

Nakiru akaniambia, “Baba Ewoi, kwetu nyumba hujengwa na mwanamke, kwa majani ya mikoma, na watu wanalala. Tangu wewe mwanamume uanze kujenga, sisi tunalala uani.”

“Ngoja dari,” nikamwambia. “Utaomba blanketi, mama!”

Kisha kikaja kiangazi kile ambacho hata ngamia walikuwa wanaulizana njia. Ikafika habari kutoka Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, kwamba Apua, mdogo wake Nakiru, amejifungua mapacha. Furaha! Lakini mbuzi wake wote walikuwa wamekufa, mumewe ameondoka kutafuta kibarua, na matiti yake hayana kitu. Watoto wanapewa maji ya sukari.

Nakiru akasema, “Tuna mbuzi kumi na wawili wanaokamuliwa.”

Kweli tulikuwa nao. Walikuwa wanakula maganda ya mathenge, ule mti wa miiba, kando ya mto Turkwel, wamenona. Nikamjibu, “Hao si mbuzi. Hao ni dari.”

Eeh! Nilisema kwa mdomo huu huu! Tena nikapaka mafuta ya dini juu yake: “Mungu wa mapacha yupo, tutawaombea.” Nakiru aliniangalia tu jinsi ninavyoangalia tairi lililochanika, lisilo na pa kuziba.

Nikapakia mbuzi kwenye lori kwenda kuwauza Kakuma. Vitoto vyao nilikuwa nimeshaviuza kwa wenye hoteli. Tukafika Jumamosi jioni na soko ni Jumatatu, kwa hiyo Jumapili nikaenda kuabudu kwenye kambi ya wakimbizi, kanisa la udongo lenye paa la turubai. Nikawafunga mbuzi nje, nikaketi mbele, nikafumba macho. Mnafikiri nilikuwa naomba? Nilikuwa naipimia sebule dari!

Kwaya ikaanza. Mbuzi nao wakaanza. Kwaya ikapandisha sauti, mbuzi wakapandisha zaidi. Ndugu zangu, kelele ile ilifika Sudan! Kiongozi wa kwaya, mama mmoja Mkongo aitwaye Mama Furaha, akasimamisha wimbo akatoka nje. Aliporudi, mikono yake ilikuwa imelowa maziwa.

“Papa wa Lodwar,” akaniita mbele ya watu wote, “mbuzi zako zinashinda kwaya yangu.”

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. “Mama, hao ni sauti ya kwanza!”

Yeye hakucheka. “Haziimbi, papa. Ziko na maumivu. Maziwa imejaa na hakuna mwenye kunyonya. Watoto yazo iko wapi?”

“Niliwauza.”

“Na kwenu weye, hakuna mtoto hata moja mwenye njaa?”

Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia. Hakunijua, wala hakumjua Apua. Lakini ndugu zangu, swali lile liliingia kama mwiba wa mathenge kwenye tairi jipya, na pumzi yangu yote ikatoka! Niliwaona wale mapacha wakimumunya maji ya sukari, na huku nje maziwa yanawatesa mbuzi wenyewe kwa wingi. Nilianguka kifudifudi kwenye sakafu isiyo na kigae hata kimoja, nikalia mpaka mbuzi wakanyamaza kunisikiliza. Haleluya! Nilipoinuka, lile pepo la sebule lilikuwa limeondoka.

Akina mama wakawakamua wale mbuzi kwa sufuria, na watoto wa pale wakanywa, midomo ikawa myeupe. Mimi nikatafuta lori la kurudi siku hiyo hiyo. Nyumba ya Abdi nilipita mbali nikiwa nimegeuza uso, ubaridi wake usije ukanipuliza nikarudi nyuma kama mke wa Lutu!

Nakiru akapanda lorini pale Lodwar, tukaenda moja kwa moja Namoruputh. Apua alikuwa mlangoni pa kibanda chake, pacha mmoja mgongoni, mwingine mapajani, mashavu yao yamebonyea kama ya wazee.

“Ejok, shemeji,” akanisalimu. “Hao mbuzi umewaleta niwaone, au umewaleta wabaki?”

“Wabaki.”

“Wangapi?”

“Wote.”

Akanyoosha mkono akanishika paji la uso. “Nakiru, mume wako ana malaria!”

Tulicheka mpaka majirani wakaja. Nakiru akakamua, akachemsha maziwa, akayapoza, akaanza kuwanywesha kwa kijiko. Yule mdogo alikikamata kijiko kwa ufizi, akakataa kukiachia. Mimi nimeziba matairi ya malori makubwa, lakini sijawahi kuona kitu kikishika namna ile! Leo mapacha wale wakilia, Uganda wanajibu. Na mbuzi wamezaa, na Apua naye amempelekea mama jirani mbuzi mmoja wa kukamua.

Nyumbani vigae nimevifungulia watoto, wanateleza juu yake siku nzima. Nakiru amejenga kibanda chake cha majani ya mikoma uani, upepo unapita, nami nalala humo kama mfalme. Dari sijaweka, wala sitaweka. Pesa ya kazi ya kila Jumamosi kibandani sasa ni ya wazazi wenye vichanga waliopoteza mifugo. Asante Yesu! Ndugu yangu uliyefungwa na rangi, na geti, na makochi, mwamini Bwana aliyenitoa mimi. Fungua mlango, waingie na vumbi lao. Kisha sikiliza nje ni nani analia.

Juzi Abdi mwenyewe alisimama kwangu, gari lake limechomwa mwiba. Nikamshuhudia yote hayo huku jeki ikiwa mkononi. Nikamalizia kwa sauti kuu, “Abdi, baridi kama yako niliiacha kwa ajili ya watoto wale!”

Akanisikiliza mpaka mwisho, akajifuta jasho.

“Fundi, wallahi umefanya jambo jema,” akasema. “Lakini ile dari inazuia vumbi tu. Ndani kwangu kuna joto kama kwako. Mimi nauza barafu, nina mafriza manne, na watoto wanavaa sweta wakiipakia.”