Belarmino Oyarce, Aliyetukalisha Mlimani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, mliopo jikoni na mliopo gatini mkishona nyavu. Leo tunamkumbuka Belarmino Oyarce. Belarmino wa mlimani. Amefariki Jumanne, usingizini, kitandani mwake.

Naanza na lile mnalolijua, msije mkanisengenya kipindi kikiisha. Mtu huyu nilimwonea wivu. Alimposa Herminda kabla yangu. Herminda, mke wangu. Alikataliwa, ndiyo, lakini roho iliniuma vilevile.

Belarmino alizaliwa hapahapa Rauquén. Alilima viazi huko juu, na nyumba yake ndiyo pekee ambayo bahari haiwezi kuifikia. Njia ya kupandia aliifyeka mwenyewe, kila mwaka, bila kuambiwa. Siku za mazoezi ya kuikimbia tsunami kijiji kizima tulipanda kwake, naye akatupa chai na mkate wa moto. Na kipande cha kwanza alipewa nani? Herminda.

"Wewe unaikimbia bahari au unaufuata mkate?" nilimwuliza mke wangu.

"Mkate wake una chumvi ya kutosha," akanijibu. "Panda, uache domo."

Dada yake, Bi Rosalba, ameniambia asubuhi hii: "Kaka yangu alikuwa na wimbo mmoja tu. Ardhi ikitikisika mpaka ushindwe kusimama, usingoje king'ora. Panda. Na ukishapanda, kaa."

Narudia, wasikilizaji. Usingoje king'ora. Panda. Ukishapanda, kaa.

Mnaikumbuka Jumapili ile. Tulikuwa mezani, supu ya kuku bado inafuka. Ardhi ikaanza. Sahani zikaanguka, kabati likaanguka, na bado inatikisika. Umeme ulikatika, king'ora hakikulia. Tulipanda. Mimi nilipanda kwa sababu Herminda alinikamata mkanda wa suruali akanivuta.

Kutoka juu tuliiona bahari ikirudi nyuma mpaka mawe ya chini yakaonekana. Kisha ikaja. Ikaingia soko la samaki, ikabeba meza zote, ikaondoka. Kukawa kimya. Na boti yangu, niliyotoka kuipaka rangi, bado ilikuwa imefungwa gatini.

Sisi wavuvi tuna ugonjwa huo. Wimbi likiondoka, tunashuka kutazama boti. Eliseo, jirani yangu, alikuwa ameshashuka kwenda kuokoa injini yake.

"Nashuka," nikasema.

"Hushuki!" Herminda alilia. Alinishika shati. Niliutoa mkono wake.

"Boti ile ndiyo inayokulisha, mama. Niache."

Belarmino alisimama njiani, birika mkononi. Nilikuwa na nguvu kumshinda, ningemsukuma tu. Lakini hakunizuia. Alisogea pembeni akanipisha, kisha akapaza sauti watu wote wasikie.

"Mwacheni ashuke. Shuka, Nolberto, shuka tu, baba. Herminda, njoo ukae hapa karibu na jiko. Kiti kipo. Na kitanda kipo."

Watu walicheka, wasikilizaji. Katika hofu ile, walicheka! Damu ilinichemka. Niligeuka, nikaenda kukaa kwenye kile kiti mimi mwenyewe.

"Kiti hiki nakikalia mimi," nikamwambia.

"Karibu," akasema, akanimiminia chai. Macho yake yalikuwa baharini, chai ikamwagika mezani.

Sikuimaliza ile chai. Wimbi la pili lilikuja, kubwa kuliko la kwanza. Lilipita juu ya boti yangu, juu ya soko, juu ya paa la kanisa. Eliseo hakurudi.

Tsunami si wimbi moja. Nasema tena, si wimbi moja. La pili linaweza kushinda la kwanza, na la tatu linaweza kuja baada ya saa nyingi, bahari ikiwa imetulia kabisa. Usishuke mpaka uambiwe na wanaohusika kwamba ni salama.

Baadaye nilimwuliza Belarmino: "Maneno yale, ulitaka kunikalisha tu, au ulikuwa na lako moyoni?"

Alicheka. "Kunywa chai, Nolberto."

Hakunijibu mpaka amekufa. Nikamwuliza Herminda, akasema, "Machozi yangu hukuyajali. Yeye alijua utakachojali." Jibu hilo halikunifurahisha. Halinifurahishi hata leo. Lakini siku zote nilizoishi tangu pale nikimwonea wivu, ni yeye aliyenipa.

Bi Rosalba, pole sana. Poleni wana Rauquén, na familia ya Eliseo, ambao kila msiba wetu huwarudisha kwenye ule wao. Wengine, kabla hamjalala, ulizaneni mezani: ardhi ikitikisika leo, tunapita njia gani, na bibi anabebwa na nani?

Mwili wa marehemu uko nyumbani kwake, mlimani. Herminda yuko huko tangu asubuhi, amekaa kando ya jeneza. Nawawekea muziki, nazima kipaza sauti, napanda. Sipendi wakae wawili muda mrefu bila mimi.