Mkalimani Anaaga Bandari

Mheshimiwa Meya, Waheshimiwa madiwani wa pande zote mbili, ambao hata leo mmekaa mbalimbali kama kawaida yenu, Mkuu wa Bandari, wafanyakazi wenzangu wa ofisi ya mapokezi, na nyinyi ndugu zangu mlioletwa hapa na harufu ya keki, ambao kwa kweli ndio wengi: nawasalimuni nyote kwa heshima.

Mkuu wa Bandari amenitaka niseme machache. Nikamuuliza, "Machache ya nani, mkuu?" Akacheka, akadhani natania. Lakini mtu aliyefanya kazi yangu hana budi kuuliza hivyo. Miaka yote mliyonijua, mlioniita Mama Tafsiri na mlioniita majina mengine nisiposikia, mimi nimesema ya watu.

Nilikuja mji huu nikiwa bibi harusi wa mwendesha winchi, Mungu amrehemu. Lugha ya mama yangu nilikuja nayo kichwani, na kwa muda mrefu haikuwa na kazi hapa ila kuhesabia mishono na kugombeza paka. Kisha viboti vya mpira vikaanza kufika, watu wameloa, wanatetemeka, na afisa mmoja akakumbuka kwamba mke wa yule wa winchi huongea kama wao. Wakanipa kiti, wakanipa kitambulisho, wakanipa masharti: sema yote, usiongeze, usipunguze, na anaposema "mimi", nawe sema "mimi".

Je, mnajua kiti hicho kiko wapi? Kiko katikati. Asubuhi muuza mikate ananiuliza, "Hawa watu wako watakuja mpaka lini?" Mchana, kwenye chumba cha mapokezi, kina mama niliowafungia blanketi kwa mikono yangu wananong'onezana, "Chungeni midomo, huyu ni wa serikali." Jioni narudi kwenye nyumba ambayo tangu mume wangu afariki haina wa kuniuliza chochote. Mwanangu yuko mbali, hunipigia simu, ni mtoto mwema. Lakini wajukuu hawajui hata neno moja la lugha ile. Walionisemesha lugha ya mama yangu ni wale tu waliopatwa na msiba. Hakuna aliyekuja kunisimulia harusi.

Mmoja tu ndiye aliyenichekesha. Alikuwa fundi cherehani. Siku ya kwanza, nilipomsomea haki zake, alinitazama kwa mshangao, kisha akasema, "Dada, samahani, unaongea kama bibi yangu aliyekwisha kufa. Maneno hayo nani anayatumia siku hizi?" Nilicheka mpaka afisa akauliza kama kuna tatizo. Tangu hapo kila nikiingia pale alikuwa na neno jipya la kunifundisha, nami namrudishia la zamani. Alishona mapazia ya chumba kile, yale ya bluu. Waliofanya kazi pale wanayajua.

Ndugu zangu, mtakumbuka mkutano wa hadhara uliofanyika katika ukumbi huuhuu, kuhusu bweni la zamani la mabaharia. Lifunguliwe walale wageni wa baharini, au libaki na kufuli? Sitaki kusema kwamba waliopinga walikuwa watu wabaya. Muuguzi wetu alisimama akasema dawa hazitoshi hata kwa tuliopo, na hakusema uongo. Baba mmoja alisema wanawe wawili hawana kazi, akaketi, akafunika uso. Nao waliounga mkono walisema yao, na vijana wakazomea pande zote. Kisha fundi akaitwa aseme kwa niaba ya wenzake, nami nikasimama kando yake.

Alianza kueleza bahari ilivyowatenda, yeye na mkewe, lakini hakufika mbali. Mwenye nyumba ya wageni, ambaye namwona ameketi pale karibu na dirisha na ambaye ameniruhusu niyaseme haya, alinyanyuka akasema, "Muulizeni huyu bwana! Kama bahari ni mbaya hivyo, kwa nini alimpakia mkewe botini?"

Watu walinitazama mimi, si yeye, maana swali lilikuwa bado halijamfikia. Mimi ndiye niliyekuwa nalo. Ningeweza kulilainisha. Lakini mtu ana haki ya kujibu alichoulizwa. Nikalitafsiri jinsi lilivyo.

Fundi alishika ukingo wa meza. Akaanza, nami nikamfuata neno kwa neno, kwa sauti hii mnayoisikia:

"Sikumpakia. Yeye ndiye aliyenipakia. Mimi naogopa maji tangu utotoni. Mke wangu alipanda kwanza, akaninyooshea mkono, akasema, 'Panda, mwanamume gani wewe?' Boti ilipopasuka alikuwa bado amenishika. Mimi ndiye niliyeachia. Vidole vilikufa ganzi."

Nilipofika kwenye vidole, sauti ilinikatika. Diwani mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Mkalimani, endelea tafadhali." Nikaendelea.

Mkapiga kura. Wengi mlinyanyua mikono kukataa, na baadhi yenu mlikuwa mnalia huku mmeinyanyua; niliwaona, maana pale mbele mtu huona kila kitu. Bweni likabaki na kufuli. Wiki ile ile basi lilikuja kuwachukua fundi na wenzake wapelekwe mji mwingine, bara. Mlangoni mwa basi fundi aligeuka akaniuliza, "Dada, na wewe je? Ungepewa nafasi, ungenyanyua mkono upande gani?"

Nikamjibu, "Siruhusiwi kuwa na upande."

Akatikisa kichwa. "Basi na wewe bado hujafika," akasema, akapanda.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikuwasha redio.

Haikupita muda mrefu, nikasikia hodi. Alikuwa mwenye nyumba ya wageni, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kugombana. Akasema, "Mama, nifundishe namna ya kusema 'samahani' kwa lugha yao. Nataka nimpigie simu yule bwana mwenyewe, bila mtu katikati." Nilimpa kiti. Neno lenyewe ni gumu, lina sauti inayotoka kooni, na ndugu yetu huyu ana koo la kuitia wateja. Alijaribu, akakohoa, akajaribu tena, mpaka likaeleweka. Tukapiga simu. Haipatikani. Tukapiga siku iliyofuata, na nyingine. Mpaka leo haipatikani, wala wa mji ule hawajui alikokwenda.

Lakini ndugu yetu huyu wa nyumba ya wageni anakuja bado, baadhi ya Jumapili, na mkate. Ameshajua salamu, ameshajua hali ya hewa, na matusi mawili ambayo naapa si mimi niliyemfundisha. Anaongea vibaya sana. Nawaambieni, katika mji mzima ni yeye peke yake anayenisemesha kwa lugha ya mama yangu pasipo mtu kufiwa. Bwana, nakushukuru mbele ya watu.

Mheshimiwa Meya, umenizawadia saa nzuri ya ukutani. Nitaitundika. Na nimesikia suala la bweni linarudi ukumbini mwezi ujao. Kitambulisho changu nimekirudisha leo asubuhi, kwa hiyo nitakuja kama mkazi. Nitakaa kule nyuma na wakazi wenzangu, nitanyanyua mkono, na mkinipa nafasi nitasema: fungueni. Dawa hazitoshi, tuzidai kwa pamoja. Kazi hazitoshi, tuzidai kwa pamoja. Lakini lile kufuli liondoeni. Sitakuwa natafsiri. Mkinizomea, mtakuwa mmemzomea mjane wa yule wa winchi, anayekaa nyumba ya tatu kutoka duka la mikate, ambaye mlango wake hauna foleni ya wageni na chai yake hupoa kwenye birika.

Mkinikubalia, vizuri. Mkinikatalia, basi nijibuni mimi mwenyewe, usoni, ili nijue nimesikika.

Nawashukuru wenzangu wa mapokezi kwa miaka yote. Nawashukuru nyote mlionyamaza mkasikia sauti ya mtu mmoja tu.