Okidi ya Beryl

Kwanza shoga, weka mkono kifuani uniapie: hili haliendi kwa mumeo, haliendi kwa dada yako, na yule wa duka la nyama ndiyo usithubutu kabisa. Umeapa? Haya, sogea.

Unaijua ile benchi ya nje ya duka la mikate hapa Toowoomba, wanapokaa watu wa klabu ya maua ya okidi kila Jumamosi na kahawa zao na pai za nyama. Yupo Kev, tunamwita Profesa, shule aliikimbia akiwa na miaka kumi na nne lakini hakuna asilolijua. Yupo Lorna Mbolea, maana mbolea yake ni ya samaki, akikupa mkono unanuka mpaka Jumatatu. Mwe, mbavu zangu! Na yupo mzee Errol, aliyefiwa na mkewe Beryl mwaka juzi. Basi Jumamosi iliyopita Errol kaja na jani kwenye mfuko wa plastiki.

Jani la okidi ya Beryl, shoga. Ile ya manjano yenye mdomo mwekundu, aliyoilea mwenyewe toka mbegu, miaka saba ndipo ikatoa ua la kwanza. Huipati kwingine. Sasa jani juu limepauka, chini kama vumbi, ila vumbi lenyewe linatembea. Utitiri. Mmea mzima umebakiwa na majani manne.

Profesa akasema dawa ni maziwa. Lorna akasema maziwa yatawanenepesha wadudu, dawa ni bia. Profesa akamwambia bia ya nyumbani kwake haijawahi kufika kwenye jani, huishia kooni. Wakaendelea kushindana hivyohivyo: mmoja anasema Errol aufungie mmea kwenye friji siku tatu, mwingine anasema aufungulie redio usiku kucha, utitiri hauvumilii kelele. Errol anawasikiliza tu, pai inapoa.

— Mpaka sasa umeupulizia nini? Lorna akamuuliza.

— Dawa ya nzi. Kila asubuhi, tangu Krismasi.

Dawa ile inaua wale wadudu wazuri wanaokula utitiri, utitiri wenyewe unabaki unazaana kwa raha zake.

— Umeufagilia utitiri njia, mzee mwenzangu, Profesa akasema.

— Beryl ndiye aliyekuwa anajua. Mimi nilikuwa nabeba ndoo.

Sasa pembeni alikuwa amekaa Tala, yule nesi Mfilipino, ana mwezi mmoja tu klabuni. Siku ya kwanza walimfundisha desturi yao: ukiwa na okidi isiyopatikana kwingine, mpe mwenzako kipande chenye mizizi. Yako ikifa, unarudi kwake kuomba.

— Samahani, mjomba. Mama Beryl kipande alimpa nani?

Errol akatabasamu, shoga. Mara ya kwanza asubuhi ile.

— Si hawa hapa. Profesa kimoja, Lorna kimoja. Aliwapelekea kwa mkono wake wiki ile kabla hajalazwa. Mimi naona haya tu kuwaomba, wataniona nimeshindwa kumtunzia.

Akawageukia.

— Vinaendeleaje?

Profesa akachungulia kikombe chake. Lorna akaanza kukunja karatasi ya pai, akakunja mpaka ikawa nyembamba kama kidole. Cha Profesa kilikufa mwaka jana mwezi wa tano, kwa utitiri huohuo. Cha Lorna mwezi wa nane. Na kila mmoja alikaa kimya, akijipa moyo kwamba mwenzake anacho, siku moja atamwomba.

Errol akangoja. Halafu akauliza, polepole:

— Hata kimoja?

Akalirudisha jani kwenye mfuko, akaukunja vizuri, akaondoka bila kuaga.

Nimeambiwa na Lorna mwenyewe, jana, kwenye foleni ya posta, analia mbele za watu.