Mlango wa Clovis na Teke la Afande

Ukishuka Gisozi hadi Agakiriro, soko la mafundi hapa Kigali, pita mashine za kupasulia mbao, pita wachomeleaji, na usisimame kwa wauza makochi, maana watakukalisha na kuinuka ni kazi. Mbele ya karakana ya Clovis kuna benchi tulilolitengeneza kwa mabaki, miguu minne ya mbao za aina nne. Saa nne asubuhi Mukashema, mama yake Iteka, anatua hapo na termosi yake ya kahawa ya kuuza, na mafundi wenye kazi za haraka wanakuja kuzichelewesha. Mimi napaka vanishi, kwa hiyo wananiita Vanishi. Hawakujisumbua sana kutafuta jina. Kushoto kwangu hukaa Shyaka, dereva wa moto, pikipiki ya abiria, aliyekulia Kampala. Tunamwita Helmeti kwa sababu haivui hata akinywa. Kulia hukaa Damascène, mchonga miguu ya vitanda, ambaye tunamwita Profesa kwa kuwa anaangalia filamu mbili kila siku na kutusimulia bila kuombwa. Halafu Clovis mwenyewe, mtu wa Bujumbura, ambaye ndiyo yake ni njo, fundi wa milango. Clovis anajivuna na ana haki: kwa miaka kumi na mmoja hakuna mwizi aliyevunja mlango wake. Kila mlango anauchapa jina lake kwa chuma cha moto, juu kidogo ya kitasa.

Jumanne hiyo mlango mmoja wa bluu ulisimama uani, umepachikwa kwenye fremu yake tayari. Clovis alikuwa akiuangalia kama baba anayeona binti yake akiposwa na mlevi.

Helmeti: Clovis, iko nini? Kahawa inapoa.

Clovis: Mulango wangu unaenda televisheni.

Helmeti: Si ni vizuri, sha.

Clovis: Unaenda kuvunjwa.

Akatoa simu, akatusikilizisha ujumbe wa sauti kutoka kwa watu wanaotengeneza mchezo mmoja wa polisi. Ulisema: "Fundi, tunataka mlango mwepesi. Afande anakuja mbio, anapiga teke moja, mlango unaanguka ndani, anaingia. Ufanye mwepesi asiumie."

Mimi: Sasa tatizo iko wapi? Mlango wako kuvunjwa na afande ni heshima.

Clovis: Njo nilifikiri hivyo. Nikasema sawa. Nikaweka tripleksi, ile nyembamba, mutoto anaitoboa na kidole. Jana asubuhi wakanitumia picha ya afande, nijue urefu wake, nijue kitasa ikae wapi. Nikaangalia picha. Nikaona hereni.

Profesa: Afande anavaa hereni?

Clovis: Afande ni mwanamke.

Benchi likaacha kunywa. Mukashema hakuacha kumimina.

Mukashema: Kwani ujumbe ulisema ni mwanaume?

Clovis: Ulisema anakuja, anapiga, anaingia.

Mukashema: Basi.

Clovis: Hiyo njo kosa ya lugha zetu, mama Iteka. Kiswahili anapiga, Kinyarwanda arakubita, Kirundi njo hivyo hivyo. Nani anapiga? Hujui. Mufaransa angeniambia tangu mwanzo, il au elle, mwanaume au mwanamke, nikajipanga.

Nisidanganye, sisi wanaume tulimhurumia. Kuna padri anajenga shule kule Masaka, milango ishirini na minne, na alikuwa amemwahidi Clovis jibu Jumapili. Mchezo huonyeshwa Jumamosi, na padri hukosa misa ya jioni lakini mchezo hakosi. Akiona jina la Clovis linalala sakafuni kwa teke la mwanamke wa kilo hamsini, kazi ile itakwenda kwa mtu mwingine.

Helmeti: Tuongee ukweli. Mimi nabeba wanawake kila siku. Mwenye viatu virefu anapanda moto dakika tatu, ananishika shingo, na moto imesimama. Halafu kwenye filamu anaruka navyo paa hadi paa.

Profesa: Vile iko na springi ndani.

Helmeti: Springi?

Profesa: Kwenye kisigino. Unafikiri urefu wote ule ni wa nini?

Helmeti: Na nywele? Ameanguka mtoni, ametoka, nywele ziko vile vile.

Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ya fani yangu.

Mimi: Hiyo ni vanishi. Mipako miwili, na akae siku moja bila kuguswa.

Profesa: Nilijua. Na maadui je? Wako kumi na wawili. Mmoja anapiga, kumi na mmoja wamesimama wanangoja zamu.

Mimi: Hao ni watu wa Kigali. Wamepanga foleni.

Helmeti: Hapo peke yake ndiyo naona uhalisia.

Mukashema: Na yule mwanaume mliyemsimulia hapa juzi? Alianguka kutoka ghorofa ya kumi, akasimama, akapangusa koti.

Profesa: Aliangukia gari, mama.

Mukashema: Na ikawaje?

Profesa: Gari iliharibika kabisa. Unaona sasa, hiyo ni kitu ya kweli.

Mukashema: Halafu akaua watu mia.

Helmeti: Mazoezi, nyabo. Yule anaamka mapema.

Mukashema akatikisa kichwa, akaendelea kufuta vikombe. Profesa alikuwa bado hajamaliza. Sisi filamu nyingi tunaziona na msimuliaji, mtu anayezungumza Kinyarwanda juu ya sauti za wenyewe, akieleza yaliyomo na mengine yasiyomo. Profesa anamwamini huyo kuliko macho yake.

Profesa: Yule mwanamke wa filamu ya jana, msimuliaji alieleza nguvu yake inatoka wapi. Alilelewa na ng'ombe.

Mimi: Ng'ombe gani?

Profesa: Inyambo. Wale wa pembe ndefu. Ndiyo sababu akipigana anatanguliza kichwa.

Helmeti: Ile filamu ni ya Uchina, bwana.

Profesa: Ng'ombe wanatembea.

Hapo Clovis akaweka kikombe chini. Alikuwa amepiga hesabu zake, na alizileta mbele yetu kwa uzito wote wa fundi.

Clovis: Kwa mulango wangu teke la mwanamke mumoja haitoshi. Wanatakiwa wanne. Walete maafande wanne, wapige pamoja, mumoja akihesabu. Hapo nitakubali uanguke.

Helmeti: Au apige hodi tu. Mhalifu kama amelelewa vizuri atafungua.

Profesa: Au aje na mkuu wa mudugudu, wa mtaa. Yule iko na namba ya simu ya kila mtu. Anampigia: wewe, fungua, na tena kwa nini hukuonekana umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa? Mhalifu anatoka mwenyewe na aibu yake, na koleo mkononi.

Mimi: Na mchezo unaisha?

Profesa: Unaisha vizuri. Wanatoka wote wanafyeka majani.

Mukashema: Clovis, mimi sielewi. Mlango umeufanya mwepesi wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Akiuvunja mwanamke au upepo, si ni kazi uliyoombwa?

Clovis akatazama kushoto na kulia, kisha akashusha sauti.

Clovis: Si mwepesi tena. Nimetoa tripleksi. Nimeweka libuyu.

Libuyu ni mbao nzito kutoka Kongo. Mlango wa libuyu hubebwa na watu wawili, na wakifika hawasemeshani. Clovis aliweka inchi mbili nzima, bawaba nne, na komeo la chuma nyuma, kisha akapaka bluu ile ile.

Helmeti: Sasa afande akipiga?

Clovis: Atapiga. Mulango utabaki umesimama. Nchi nzima itasoma jina. Na padri pia.

Profesa: Huo ndio uhalisia sasa.

Tukampongeza. Naandika hivi kwa aibu, maana hata mimi nilimpa mkono, na Helmeti alimpigia honi ya moto yake mara mbili. Mukashema akakaza kifuniko cha termosi.

Helmeti: Mama, kahawa imeisha?

Mukashema: Kwenu imeisha.

Ndipo alipoingia uani dada mmoja mfupi, akitembea polepole. Mguu wa kushoto ulikuwa na kandambili. Wa kulia ulikuwa na bandeji kutoka vidoleni hadi juu ya kifundo. Clovis aliziona hereni, akaangalia chini.

Dada: Mwaramutse, wakubwa. Fundi Clovis ni nani? Mimi naitwa Peace, ndiye afande. Nimekuja kuuona mlango kabla gari la kuubeba halijafika.

Mukashema alifungua termosi, akamjazia kikombe mpaka juu.

Helmeti: Pole, dada. Mguu iko nini?

Peace: Mlango wa mwezi uliopita, huo. Fundi wa kule aliambiwa aweke mwepesi, akaweka mgumu wa kwake. Nikapiga kwa nguvu zote, kwa sababu niliambiwa utaanguka. Mfupa ulipasuka. Leo napiga na wa kushoto.

Profesa: Kwani hakuna mtu wa kukupigia? Si kwenye filamu kunakuwaga na mtu wa kuumia badala ya mwenyewe?

Peace: Iko. Ni mimi huyo mtu.

Aliusogelea mlango, akaupitishia kiganja taratibu, akasoma jina juu ya kitasa.

Peace: Kazi safi. Mimi ndiye nilisema waje kwako, fundi. Baba yangu kule Niboye iko na mlango wako. Nikasema huyu akikwambia mwepesi, ni mwepesi.

Akamrudishia Mukashema kikombe. Akavua kandambili, akarudi nyuma hatua tano, akachuchumaa kidogo kupima. Alikuwa anataka kujaribu kidogo tu, alisema, apate umbali. Ninakumbuka nikiangalia kisigino chake. Kilikuwa kikavu, na vumbi la njiani.

Clovis alinyanyuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona, akasimama kati yake na mlango, mikono ameitanua.

Clovis: Usipige, dada yangu.

Peace: Kwa nini?

Clovis: Iko libuyu.

Peace alinyooka. Alimzunguka, akagonga mlango kwa kidole kilichokunjwa, mara moja. Haukulia kabisa. Akageuka akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Laiti angekasirika, ningejua pa kuweka uso wangu.

Peace: Mlijua wote?

Helmeti akavua helmeti.

Peace: Sasa mlifikiri ni mguu wa nani?

Majibu ya lile benchi yote yalikuwa ya springi, ya vanishi na ya ng'ombe waliotembea hadi Uchina. Clovis alifuta macho kwa mkono wenye rangi ya bluu, akaenda kuchukua bisibisi na ile tripleksi aliyoitoa, akapiga magoti kwenye bawaba ya chini. Mimi na Helmeti tukaushika mlango huku na huku asije akaangukiwa, maana ulikuwa mzito kweli.