Fundi Mvuke na Kiwanda cha Nyuma ya Ukuta

Fundi Mvuke anastaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na moja kwenye boila ya kiwanda chetu cha sabuni. Nimeambiwa maneno ya kumuaga niandike mimi, na hawakukosea: kwenye boila hakuna anayenizidi, na yeye mwenyewe anajua.

Sikuanza naye. Nilikuwa kiwanda kingine, cha sabuni vilevile, nyuma ya ukuta wao. Mkanda wa mashine ukikatika kwetu tunaazima kwao, pampu ikifa kwao wanabisha kwetu. Sokoni tulikuwa maadui, ukutani majirani.

Kampuni yao ilipotaka kujitanua ilianza kwa kununua kiwanda cha biskuti, huko mbali, safari ya siku mbili. Wakubwa wakifika wanakuta kumepigwa deki, wanaonjeshwa biskuti, wanarudi wanasifu. Tanuri bovu mwaka mzima, nani angejua? Wakakiuza, wakatununua sisi. Fundi Mvuke kwa udadisi wake akauliza kila mtu, hata dereva, kwa nini jirani. Jibu akalipata mwenyewe: jirani ukimnunua, kikohozi chake unakijua.

Ila ujirani una mwiba. Kazi moja, mahali pamoja, basi boila mbili, mafundi wawili, na nafasi moja. Yeye au mimi. Nina watoto, tena sikuzaliwa kushindwa. Salamu yake nikaacha kuitika.

Siku moja akaingia kwangu, akakaa juu ya ndoo, anasikiliza boila yangu.

"Umekuja kupima kaburi?" nikamuuliza.

"Nimekuja kujua, mzee mwenzangu. Siku ya kuisafisha hii, nyinyi mnafanyaje?"

Nikamwambia tunazima, watu wanakaa. Kumbe na kwao hivyohivyo. Akanivuta mpaka kwa meneja, mimi nimenuna, akamwambia: ukuta utobolewe, bomba la mvuke lipite, boila moja ikisafishwa nyingine ilishe pande zote. Meneja akamwita mhandisi, wakapima, bomba likapita. Kazi haikusimama tena, boila zote mbili zikahitajika, na hakufukuzwa mtu.

Baadaye meneja akaniambia nafasi ile alikuwa ameshapewa Fundi Mvuke kabla ya bomba, naye alijua. Nikamfuata, kwa nini hakunyamaza? Akasema angemwazima nani mkanda.

Asante, jirani. Uzee wako uwe mrefu na wa afya, pamoja na mama watoto. Watu wanasema sasa boila zote mbili ni zangu, nimeshinda. Ndiyo, nimeshinda. Sijapenda.